Majogoo Saba wa Nyumba Mbili

Kendu Bay,
19 Julai, 1964.

Kwa Mama Marcella,
kwa mkono wa Mwalimu Monari,
Suna, Migori.

Mpendwa mdogo wangu Nyasuguta,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye kivuli, si katikati ya shamba ukiwa na jembe mkononi. Sisi hapa tunaamka, tunakula, na ile homa iliyomwangusha Walter mwezi uliopita imemwacha. Lakini habari zetu zingoje kwanza. Mama anaendeleaje na mguu wake uliokuwa ukivimba siku za baridi? Na Marcella, kikohozi kimekwisha? Kila asubuhi bado namimina uji vikombe vitatu, halafu kimoja nakirudisha kwenye sufuria.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha yetu sisi wawili tangu siku Walter alipokuoa akakuleta hapa. Wewe hukujua Kijaluo, mimi sikujua Kikisii, na Kiswahili changu kilikuwa kile nilichokiokota Nakuru, Walter alipokuwa akifanya kazi kwa fundi Mhindi. Siku ile ya kwanza nilikuambia uniletee kaa, ukaniletea kiti. Tulicheka mpaka maji ya kuon, ule ugali wetu, yakakauka jikoni, na chakula kikachelewa.

Mwalimu Monari, najua wewe ndiye utakayemsomea dada yako, kwa hiyo nakusalimu sana, shemeji yangu. Nina ombi moja kwako. Isome barua hii yote, kwa sauti, na mama awepo. Utafika mahali utakapotaka kuruka mistari. Tafadhali usiruke.

Ziwa bado halijarudi mahali pake. Nyumba yako ya zamani kule chini imebaki paa peke yake, na ndege wa majini wanalitumia kupumzikia. Shamba la mihogo lote limekwenda. Mahindi ya huku juu yamesimama vizuri, na mtama umeanza kushika rangi. Roselyn, binti yangu, ametuma neno kutoka Mfangano kwamba huko nako wavuvi wanafunga mitumbwi kwenye miti ambayo mwaka juzi ilikuwa katikati ya shamba la mkwewe. Amejifungua salama, mtoto wa kiume. Alikuulizia. Nikamtumia samaki mkavu na kanga, bila jibu.

Sasa nataka kurudi nyuma kidogo. Mengi ya haya unayajua, lakini mama na Mwalimu wameyasikia upande mmoja tu, na pengine upande huo ulikuwa na machozi kuliko maneno. Nayaandika kwa mpangilio ili mwisho wake ueleweke.

Mwezi wa nne maji yalipoingia nyumbani kwako, tulihamisha vitu vyote kwa siku moja. Walter na ndugu yake James walikujengea nyumba hapa juu, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Banda lako la kuku lilichukuliwa na ziwa, hivyo matetea wako tisa na majogoo wako wawili wakaja kulala kwenye banda langu. Mimi nilikuwa na matetea kumi na wanne na majogoo wanne. Na juu ya hao wote alikuwako Disii.

Mama hakuwahi kumwona Disii. Alikuwa jogoo wa kizungu, mwekundu, mzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Walter alipewa na mtu wa Sotik aliyemtengenezea kabati, akambeba kwenye kikapu, ndani ya basi, mpaka hapa. Alitembea polepole kifua mbele, kama D.C. anapokagua askari, ndipo majirani wakamwita hivyo, na hata baada ya uhuru jina halikumtoka. Walter akirudi kutoka karakana yake jioni, kabla ya kuuliza habari za mtu yeyote, alikuwa akimwita Disii aje ale mahindi mkononi mwake.

Basi matetea ishirini na watatu, majogoo saba, banda moja. Wiki ya kwanza tulijiambia watazoeana. Wiki ya pili matetea walianza kutoka asubuhi migongo ikiwa mitupu, ngozi nyekundu inaonekana. Wengine walikuwa wakishinda juu ya ghala wakiogopa kushuka hata kula. Majogoo walipigana mpaka damu ikawaziba macho. Mayai yakawa haba, na hayo machache tuliyaokota vichakani. Mimi nilifikiri ni ugonjwa. Nilikuwa nimeshaanza kuchemsha majani ya mwarobaini ili niwanyweshe, wewe ukaja ukasimama kando yangu, ukawatazama kwa muda, kisha ukasema: "Mama Roselyn, hawa hawaumwi. Wana wanaume wengi mno."

Nilicheka siku hiyo. Mama, binti yako ana maneno.

Lakini ulipoendelea kusema kwamba tubakize majogoo wawili, kicheko kiliniisha. Nilikuambia kwamba mwaka juzi ugonjwa wa kideri ulipita hapa ukafagia kuku wote, na mtu mwenye jogoo mmoja au wawili akipatwa na hilo, vifaranga atavitoa wapi. Ulinijibu kwa upole. Ulisema kwamba ndiyo maana wawe wawili, si mmoja: jogoo mmoja anatosha matetea kumi na zaidi, na wa pili yupo kumsaidia na kushika nafasi yake akifa. Ukasema kideri kikija hakibagui, kitawachukua hata wakiwa saba. Ukasema ndivyo mama anavyofuga huko kwenu. Nami nikakuambia kwamba kuku wa Wakisii si kama kuku wa ziwani.

Hukubishana. Ulikwenda ukawakamata majogoo wako mwenyewe wawili. Mmoja uliwapikia watu waliokujengea nyumba, mwingine ukamchinja wageni wa Walter walipokuja kutoka Homa Bay. Uliwamaliza wako kwanza, ndipo ukaja kwangu. Ukaniambia kwamba kati ya wanne wangu, anayefaa kubaki ni yule wa madoadoa, kwa sababu akipata chakula huwaita matetea, na hali mpaka wao wameanza kula. Nilikuwa na jogoo huyo mwaka mzima na sikuwahi kuliona jambo hilo. Siku iliyofuata nikamwangalia. Ilikuwa kweli.

Mtu mwingine angekushukuru. Mimi nilijisikia kama mtu anayeonyeshwa njia ndani ya nyumba yake.

Hata hivyo nilikubali. Jogoo mmoja nilimpeleka kanisani siku ya sadaka ya mavuno, mmoja nilimtumia Roselyn Mfangano, na wa tatu tulimla sote pamoja, wewe ukimchambulia Marcella minofu. Wakabaki wawili: wa madoadoa na Disii, maana kuhusu Disii hapakuwa na mtu wa kumwambia Walter lolote. Kabla ya wiki tatu manyoya yalianza kuota tena migongoni, na mayai yakarudi ndani ya viota. Siku moja nilikuwa nampelekea Walter uji kwenye karakana, nikamkuta na watu watatu, anawaambia kwamba mke wake mdogo anajua kuku kuliko bwana shamba. Nilicheka pamoja nao. Nikaweka uji chini, nikarudi nyumbani, na njia nzima sikumsalimia mtu.

Kisha Disii akaanza mambo yake. Zamani ule uzito wake ulikuwa umegawanyika, muda mwingi alikuwa akipigana. Sasa hakuwa na wa kupigana naye, kwa kuwa yule wa madoadoa alikuwa akimpisha. Akawa anawapanda matetea wetu wadogo wa kienyeji mpaka wanalala chini. Mwisho wa mwezi wa tano alimpasua ubavu kwa kucha tetea wangu mweupe, yule aliyekuwa ameangua mara tatu bila kupoteza kifaranga. Wewe ndiye uliyemwosha kidonda kwa maji ya chumvi na kumshona kwa uzi. Mimi nilimshika. Siku ya tatu akafa.

Siku hiyo jioni ulimkabili Walter, James akiwapo na jirani yetu Benta akiwapo. Ulimwambia: "Huyu ni mzito kwa kuku wetu. Mtoe. Usipomtoa wewe, atatolewa." Walter alicheka, akasema Disii atakufa kwa uzee. Mimi nilinyamaza, ingawa tetea alikuwa wangu na uchungu ulikuwa wangu. Ni wewe uliyenisemea.

Siku chache baadaye Walter alikwenda Oyugis kupachika milango ya shule fulani, akalala huko siku moja. Alhamisi saa sita mchana wewe ulikwenda kwenye mashine ya kusaga, Marcella mgongoni. Jioni Walter aliporudi alisimama uani na mahindi mkononi, akaita. Akaita tena. Alikuja yule wa madoadoa, akaja na matetea wake, lakini Disii hakuja.

Kesho yake asubuhi Walter aliyaona manyoya mekundu nyuma ya jiko lako, yamerundikana chini ya ukuta. James akaitwa. Benta akaja mwenyewe. Na kila mmoja wao aliyakumbuka maneno yako, kwamba atatolewa.

Mama, nakuandikia alivyosema Walter, kwa sababu ni lazima ujue binti yako aliondoka akiwa amebeba nini. Alisema kwamba mtu anayeua kitu cha mwenzake mchana akakaa naye jioni bila kusema, huyo anaweza kutia chochote kwenye chakula. Alisema kwamba aliambiwa na ndugu zake asioe mbali, akawapuuza. Hakumgusa kwa mkono. Lakini hayo aliyasema mbele ya watu.

Wewe ulisimama na kikapu cha unga wa jana bado hujakifungua. Ulisema hukumgusa jogoo wake. Kisha ukageuka. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni kwangu napepeta mtama. Ukaniambia: "Mama Roselyn, wewe ulikuwa nyumbani. Waambie."

Nikasema sikuona kitu, kwamba nilikuwa nimelala, kichwa kilikuwa kinaniuma. Nikaendelea kupepeta. Niliutazama ungo, nikapuliza makapi ambayo yalikuwa yameshatoka zamani.

Ulifunga nguo zako. Ulipompandisha Marcella mgongoni alinyoosha mikono kwangu, kwa kuwa alizoea kwamba ukienda mahali mimi ndiye ninayebaki naye. Sikuinuka. Nilisikia basi la Homa Bay likipiga honi kule barabarani, na baada ya hapo sikusikia kitu.

Tangu siku hiyo ni wiki sita. Walter hakusema amekosea, lakini juma la pili nilimwona nyumbani kwako akibadilisha bawaba za mlango ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Majirani walikuja kunipa pole. Benta aliniletea ningu wawili wakubwa, akasema sasa nitapumzika, kwamba miaka yote hii nimekuwa na moyo wa uvumilivu, na wengine wangekuwa wamekutimua zamani. Nilimpokea wale samaki. Nilimshukuru.

Jumamosi, tarehe kumi na moja mwezi huu, ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana. Wewe ni Mkatoliki, na mama pia, kwa hiyo labda hamjui desturi yetu. Kabla ya mkate na divai, tunatawadhana miguu, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Wanakwenda wawili wawili. Mmoja anapiga magoti, anamwosha mwenzake miguu kwenye beseni na kuikausha kwa taulo, kisha wanabadilishana. Na kama mtu ana jambo na mwenzake, hapo ndipo mahali pa kulisema, kabla hajaitia miguu majini.

Benta alinichagua mimi. Alipiga magoti, magoti yake mabovu yale, akasema yeye hana jambo nami, kwamba hamjui mwanamke mwenye moyo safi kama wangu, na kwamba ameona haki nioshwe na yeye. Akanyoosha mkono aushike mguu wangu. Sikuweza kuutoa. Maji yalikuwa pale, safi, na mguu ukagoma kama si wangu. Nikamwambia, "Benta, mimi siwezi kuoshwa leo." Akafikiri naumwa. Nikavaa viatu, nikatoka nje watu wakiimba, nikatembea mpaka nyumbani juani bila kusimama mahali.

Mwalimu, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Nyasuguta, mimi ndiye niliyemuua Disii.

Siku ile ya Alhamisi, ulipokwishapita kona ya njia, alimpanda yule tetea mdogo wa kijivu, yule ambaye Marcella alikuwa akimbeba kama mwanasesere. Tetea alilia. Nilikuwa natwanga, mchi ulikuwa mkononi. Nilimpiga mara moja tu. Sitasema sikukusudia. Wakati mkono unashuka nilimwona tetea wangu mweupe, nikakusudia kabisa. Alipoanguka niliona nimefanya jambo la haki, kisha baada ya muda mfupi nikamkumbuka Walter na mahindi yake, nikaogopa kama mtoto. Nilimtia kwenye gunia pamoja na jiwe, nikateremka mpaka kwenye matete, pale maji yalipofika, nikamzamisha.

Kama ningeishia hapo, mdogo wangu, lingekuwa kosa la hasira. Walter angenung'unika mwezi mmoja, yangekwisha. Lakini sikuishia hapo, na hili lingine ndilo linalonifanya niandike.

Watu walisema upepo ndio ulioyapeleka manyoya nyuma ya jiko lako baada ya wewe kumchinja jikoni. Hakuna upepo ulioyapeleka. Niliyaokota mimi, moja moja, nikayaweka kwenye ungo ili nikayatupe chooni. Ili kufika chooni ilibidi nipite nyuma ya jiko lako. Nilipofika pale nilisimama. Nilizisikia tena zile sauti za karakana, na Walter akisema mke wake mdogo anajua. Miaka ishirini na miwili niko katika mji huu. Nimezika watoto wawili hapa. Nilimfuga kila kuku aliyewahi kuwika au kutaga katika uwanja huu, na hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba Phelesia anajua. Nikauinamisha ungo. Sikuteleza, wala sikusukumwa na mtu. Niliuinamisha, nikaukung'uta mpaka ukabaki mtupu, nikarudi kutwanga.

Ulipouliza mbele ya watu, nilikuwa na nafasi ya pili. Ulinipa wewe mwenyewe. Nikaitupa.

Niliporudi kutoka kanisani siku ile ya Sabato nilimkuta Walter uani peke yake, amekaa tu, kwa kuwa siku hiyo hafanyi kazi kwa heshima yangu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea atapaza sauti. Badala yake akasema: "Jogoo ningemsahau. Lakini yale maneno niliyomwambia yule mtoto wa watu, nani atayarudisha mdomoni mwangu?"

Akaniuliza kama wewe ulijua. Nikamwambia nadhani ulijua tangu uliponigeukia, na hukunitaja. Hapo ndipo alipoweka uso wake mikononi.

Siku ya pili aliwaita James na Benta, na wale watu watatu wa karakana, kwa sababu alisema ulitukanwa mbele ya watu na lazima usafishwe mbele ya watu. Niliyarudia yote mbele yao, na ungo nikautaja. James alitikisa kichwa. Benta alijifunga leso yake vizuri akaondoka. Tangu siku hiyo akinikuta kisimani anageuza shingo. Silalamiki. Nimeona wiki moja tu ya kile ambacho wewe umebeba wiki sita, nami nina kosa, wewe hukuwa nalo.

Kuhusu kuku, wote wazima. Yule wa madoadoa amebaki peke yake na matetea ishirini na wawili, na anajitahidi, ingawa baadhi ya mayai sasa hayaangui. Walter ameniuliza kama atafute jogoo wa pili, na wa namna gani. Nimemwambia asilete yeyote. Matetea tisa kati ya hao ni wako, na ukitaka niwalete Migori nitawaleta, wako kwenye hali nzuri. Ukitaka wakungoje hapa, watakungoja. Neno la jogoo wa pili ni lako kulisema, uwe hapa au uwe huko.

Sikuiti urudi kwa barua hii. Uliondoka kwa sababu ya mdomo wa watu, karatasi haitoshi kukurudisha. Jumapili ya tarehe mbili Agosti, Mungu akipenda, Walter na mimi tutapanda basi hadi Homa Bay, tupite Rongo, tufike kwenu kabla ya jua kukaa kichwani. Walter anayo yake ya kumwambia mama na ya kukuambia wewe, sitamsemea. Mimi nitasimama uani kwenu, niseme kwa mdomo haya niliyoandika, mbele ya mtu yeyote mtakayependa kumwalika. Ukisema baada ya hapo kwamba hutaki kunitazama, nitaelewa, na nitarudi na Walter tukiwa wawili. Kama hutaki tuje kabisa, Mwalimu atuandikie, tutakaa. Lakini nitakuwa nimesema.

Ombi langu moja ni kuhusu Marcella. Hata kama mimi na wewe hatutakaa tena kwenye mji mmoja, usimwambie kwamba siku ile sikuinuka kwa kuwa simpendi. Mwambie ukweli, kwamba niliona aibu. Akikua ataelewa.

Kuna neno letu la Kijaluo, nyieka, ambalo maana yake ni mke mwenza. Vijana wanalitumia kwa mzaha, na wanawake wengi wakilitamka wanatema mate pembeni. Wewe uliponiuliza mwaka ule wa kwanza maana yake, nilikudanganya nikakuambia maana yake ni ndugu wa kike. Ukalitumia hivyo sokoni, watu wakakucheka, na uliporudi hukunigombeza. Nakiri hilo nalo, kwa kuwa leo natoa kila kitu. Ila nataka ujue kwamba katika miaka minne hii, siku nyingi zaidi nilitamani ingekuwa ndiyo maana yake ya kweli.

Msalimie mama, umwambie namwombea mguu. Wasalimie mke wa Mwalimu na watoto wote wa nyumba. James anakusalimu, ameniambia niandike kwamba yeye pia alikosa kwa kukaa kimya. Mtoto wa Roselyn bado hana jina la kanisani, na Roselyn anasema hatalichagua mpaka mashangazi na mama zake wote wawe wamesikilizwa. Amekuhesabu wewe kati ya mama zake.

Walter alitaka aisome barua hii kabla sijaifunga. Nimemkatalia. Nimemwambia aandike yake.

Ni mimi niliyekukosea,
Phelesia, Mama Roselyn.